Visanduku vya Kiberiti

Bi Prosser alikuwa na visanduku arobaini vya kiberiti,
vitupu, alivyovizoa kwenye baa ya mjomba wake,
na ndani ya kila kimoja karatasi moja, mzizi mmoja.
Tele: mbali. Foni: sauti.
Kimoja mkono wa kushoto, kimoja wa kulia,
anavitikisa sikioni kama anayenunua mbegu,
kisha anavigonganisha: "Haya, nani ana simu kwao?"
Hakuna. Mwaka ule telefoni ilikuwa moja tu,
kwenye ofisi ya mgodi, na ikilia usiku
akina mama walijifunga shali kabla ya kuambiwa jina.

Sisi, watoto wa Pontwern, darasa la tano,
tulikuwa na lugha mbili na zote zilitubana:
Kiwelshi cha jikoni, Kiingereza cha mtihani.
Bi Prosser akaongeza mbili za wafu.
Gwilym Beynon akauliza kama wafu nao wana mtihani.
"Wafu," akajibu, "ndio wanaoutunga."

Jio, ardhi. Grafu, andika. Skopu, tazama.
Porto, beba; ndiyo maana ripoti ya shule
ni mzigo unaobebwa kurudishwa nyumbani,
na mgongo wa Gwilym ulijua uzito wake.
Dokeo, nafundisha: kumbe daktari ni mwalimu tu
aliyepotea njia akaingia wodini.
Siku moja akafungua kisanduku cha pons, daraja,
akatusogeza dirishani, akanyoosha kidole
kwenye kibao cha stesheni, jina la mji wetu.
"Mmekaa ndani ya Kilatini tangu mzaliwe," alisema,
"na hakuna aliyewadai kodi."
Bibi yangu, nilipomsimulia, alisonya.
"Warumi? Hao ndio waliotuibia neno."

Nilishikwa na njaa. Nilipasua kila kilichoandikwa:
chupa ya dawa ya kikohozi, mlango wa benki,
gazeti lililofungia samaki wa Ijumaa.

Kisha, mwezi Machi, ikaja bahasha ya kahawia.
Baba aliiweka mezani, kati ya chumvi na mkate,
akanisogezea, kwa kuwa mwenye maneno nyumbani ni mimi.
Katikati ya ukurasa lilikaa moja, refu kama treni ya makaa,
na kichwani mwake P isiyotamka kitu,
kama yeye mwenyewe akirudi zamu ya usiku.
Nikalifunika kwa kidole gumba, nikalifunua kidogo kidogo.
Numo. Hilo nililijua: pafu.
Osisi, mkiani: hali isiyo njema.
Katikati, koni.
Hilo sikuwa nalo. Nikaomba hadi kesho.

Asubuhi Bi Prosser alilisikiliza lile neno, akanyamaza,
akapekua droo kwa muda mrefu kuliko droo ilivyohitaji,
akanipa kisanduku kisicho na alama.
Nilikifungua peke yangu, chini ya ngazi.
Konis. Vumbi.
Karatasi ilikuwa na alama za vidole vyake, nyeupe, za chaki.

"Linasema nini?" baba aliuliza jioni ile,
akivuta pumzi mara mbili katika swali la maneno mawili.
"Linasema vumbi, baba. Vumbi ndani ya mapafu."
Akacheka. Kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakaa,
na mama akazima redio.
"Delyth, mwanangu, hilo nalijua bila Kigiriki."
Akafuta mdomo, akakunja kitambaa upande wa ndani
ili nisione.
"Vumbi lenyewe, wamelipa jina refu.
Tuone kama watalipa kitu kingine.
Haya, soma tena. Taratibu."

Nikasoma mara tatu.
Ile P tuliiacha ilivyo.